Tarakimu ya Mwisho

Wakili msomi,
barua yako imefika Langoni.
Ilivuka Mokowe ndani ya mfuko wa plastiki
pamoja na vioo sita vya simu nilivyoagiza Mombasa.
Viwili vimevunjika njiani. Barua ni nzima.

Unaniuliza niliingiaje.
Sikuingia.
Nililipa deni la friji ya mama,
mia nne na hamsini, kama kila Jumatatu,
na juu kabisa ya risiti
nikaiona namba yetu imekaa uchi,
inaishia na saba.

Nikaandika nane.

Hilo tu. Sikuvunja kufuli, sikuchonga ufunguo.
Nane badala ya saba,
na nyumba ya mtu ikafunguka mbele yangu:
Mwanatumu Bwanaheri, kitambulisho, siku ya kuzaliwa,
simu ya mumewe, jiko la gesi la mkopo,
wiki tisa hajalipa,
na neno moja jekundu: MSUMBUFU.

Nikafunga. Uso uliniwaka
kama mtu aliyefungua choo bila kubisha.

Kwetu, ukipita kichochoroni usiku
ukaukuta mlango wa jirani haujakomewa,
unapiga hodi mpaka mwenyewe aamke.
Atakulaani kwa ajili ya usingizi wake,
asubuhi atakuletea mahamri.
Nami nikapiga hodi. Barua pepe tatu,
mbili kwa Kiswahili, moja kwa Kiingereza cha kuazima.
Nikataja jina langu, duka langu, simu yangu,
maana mwizi hajitaji.

Siku ya arubaini likaja jibu, lina nembo yako.

Unasema kujua kwamba mlango u wazi
ni ushahidi kwamba niliusukuma.
Unasema kifungu, na kifungu kidogo,
na faini yenye sifuri hata nikapoteza hesabu.
Unasema miaka.
Askari wawili waliichukua kompyuta
na simu kumi na moja za watu,
hata ile ya Shali mchoma mishikaki,
isiyo na betri wala tumaini.

Mama aliuliza nimegusa nini cha watu.
Nikamwambia, tarakimu moja tu.
Akasema, "Hiyo moya, mwanangu. Hiyo moya."

Shukrani ya punda ni mateke,
na punda, Lamu, tunawajua.
Ila punda hupiga teke mwenyewe,
hamtumi wakili.

Basi karatasi yako nimeitia sahihi,
ukurasa wa tatu, pale ulipobandika kijikaratasi cha njano.
Sitasema, sitaandika, sitadokeza,
na Kampuni, kwa ukarimu wake, haitanishtaki.
Kimya nacho nimekichukua kwa mkopo.

Jumatatu nililipa tena.
Namba ingali pale pale, uchi vile vile.
Nilikalia mikono yangu.

Lakini kuna jambo hukuliweka kwenye mkataba.
Alhamisi alikuja mwanamke kutoka Matondoni,
simu yake imepasuka kama yai.
Nikafungua kitabu cha risiti. Jina?
Akalitaja.

Wino ulikatika, au mkono.
Nilijua deni lake. Nilijua alizaliwa mwezi wa Machi.
Yeye hata salamu yangu hakuijua.
Nikakibandika kioo taratibu kuliko kilivyohitaji,
nikamwambia, bila kumtazama:
dada, mtu akikupigia akajitia ni wa Kampuni,
akakutajia deni lako, jiko lako, mume wako,
hata akijua kila kitu,
usimpe namba ya siri.

Akacheka. "Kila kitu atakijuaje?"

Wakili msomi, hapo nifundishe.
Niliitia bisibisi mdomoni
kama fundi aliyelemewa na kazi,
nikamwonyesha kioo kwa kidole:
subiri, gundi haijakauka.